Epson L3250 kwenye fremu ya steshenari: inamlipa mhitimu wapi, inamkwamisha wapi

Pita Savei jijini Dar, Ng'ong'ona jijini Dodoma au nje ya geti la Chuo Kikuu Mzumbe. Hukosi fremu yenye kompyuta moja, mashine ya leminesheni na kibao cha "Tunafanya maombi ya ajira, mkopo wa chuo, TIN, passport size". Anayehudumu humo si ajabu akawa na digrii yake kabatini, huku akimjazia mwenye digrii mwenzake maombi ya kazi. Printa iliyo mezani kwake, kama si leza iliyotumika, ni Epson ya matanki. Hapa tunaipima L3250 kama chombo cha kazi cha mtu aliyemaliza chuo, aliyeingia mtaani, anayetaka kulipia kodi ya fremu kwa mashine hiyo. Anayeitaka kwa matumizi ya nyumbani asisumbuke kusoma, kwake inafaa tu.

Hukumu tunaitoa mapema. L3250 ni nzuri kwa anayeuza huduma za mtandaoni, skani na picha ndogo. Kwa anayetaka kuishi kwa kuprinti madesa, yaani notisi za wanafunzi, ni mashine mbaya. Tatizo ni kwamba wengi huinunua kwa hilo la pili.

Ukiifungua unakuta printa ya wino yenye matanki manne mbele, inayochapa, kutoa kopi na kuskani. Ina Wi-Fi, haina kioo cha maelezo bali vitaa tu, na uzito wake ni takriban kilo 4. Trei ya nyuma hubeba karatasi 100 za A4. Haigeuzi karatasi yenyewe: ukitaka mbele na nyuma, unageuza kwa mkono. Haina pia trei ya juu ya kujilishia karatasi za kuskani, kwa hiyo kila ukurasa unauinulia kifuniko. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kwenye boksi wameandika kurasa 33 kwa dakika. Hiyo ni kwa ubora wa rasimu, wino umepauka, hakuna mteja atakayeipokea. Kwa kipimo cha kawaida ni kurasa 10 kwa dakika za nyeusi na 5 za rangi. Sasa chukua desa la kurasa 60 wiki moja kabla ya UE (mtihani wa chuo), darasa la watu 40 wanalitaka: kurasa 2,400, yaani saa 4 mfululizo bila karatasi kukwama hata mara moja. Jirani mwenye Kyocera M2040dn anatoa kurasa 40 kwa dakika, anageuza pande mbili bila kuguswa, na anamaliza ndani ya saa moja au zaidi kidogo. Hutashindana naye. Hata ukishusha bei, foleni itakuhama.

Tupige hesabu, kwa bei za mfano. Weka za kwako. Rimu ya karatasi 500 kwa 12,000 ni shilingi 24 kwa karatasi. Chupa nyeusi ya mililita 65 inaandikwa inatoa kurasa 4,500, na tukiichukulia ni 25,000, wino unakuwa shilingi 5 na senti. Lakini ukurasa wa kipimo cha kiwandani una maandishi machache mno, kama asilimia 5 ya karatasi. Barua iliyojaa na fomu zenye mistari na visanduku hula mara mbili yake. Kadiria shilingi 10. Ukiuza ukurasa kwa 100, unabaki na 66 kabla ya umeme na karatasi zilizoharibika. Kodi ya fremu ya 100,000 kwa mwezi inadai kurasa zaidi ya 1,500, yaani kama 58 kila siku kwa siku 26, na hapo hujala. Printa yenyewe, tuseme ya 650,000, itataka kurasa zipatazo 9,800 kujilipa.

Linganisha na picha za pasipoti. Karatasi moja ya picha ya 4R ina milimita 102 kwa 152. Picha za milimita 35 kwa 45 zinaingia 8: nne kwa urefu, safu mbili. Pakiti ya karatasi 20 ikiwa 6,000, kila moja ni 300; ongeza wino, haifiki 500. Ukiuza picha nne kwa 2,000, karatasi moja imeleta 4,000. Na hapa ndipo L3250 inapopendeza kweli: inachapa hadi ukingoni bila mpaka mweupe kwa saizi hiyo ya 4R, na wino wake wa maji unatulia vizuri juu ya karatasi ya kung'aa. Chagua aina ya karatasi kuwa ya picha kabla ya kuprinti. Ukiiacha kwenye karatasi ya kawaida, uso unatoka na madoadoa na wino unachelewa kukauka. Iache dakika chache kabla ya kukata, na usikate kwa mkasi; nunua kikata cha meza. Rangi ya nyuma ya picha hutegemea ofisi inayoitaka, kwa hiyo muulize mteja picha inakwenda wapi kabla hujapiga.

Karatasi za picha na skani ndizo zinazobeba fremu, pamoja na saa za kujaza fomu. Hapo ndipo elimu ya mhitimu inapouzwa, kwa sababu mteja analipia mtu anayejua kinachokataliwa. Kwenye Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, matangazo husema wazi kwamba hati ya matokeo ya kidato cha nne na cha sita haipokelewi, kinatakiwa cheti chenyewe; matokeo ya muda ya chuo nayo hayapokelewi. Nakala ziwe zimethibitishwa na wakili, barua iwe imesainiwa, na waliosoma nje wawe wamethibitisha vyeti vyao TCU, NACTVET au NECTA kulingana na ngazi. Mteja anayekuja saa kumi jioni siku ya mwisho na barua isiyo na sahihi, unamprintia, anasaini, unaskani, unapakia. Kazi hiyo ya dakika 10 ina thamani kuliko kurasa 30 za desa. Msimu wa mikopo ya HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ni hivyohivyo: fomu inaprintiwa, inazunguka kwa mdhamini, serikali ya mtaa na wakili au hakimu, kisha inarudi kwako kuskaniwa.

Namna ya kuskani basi. Weka rangi, nukta 200 kwa inchi, PDF. Ukipandisha hadi 600 kwa kudhani ndiyo ubora, faili linavimba na mfumo unalikataa. Mifumo mingi huweka kikomo cha ukubwa. Kurasa za fomu moja ziunganishe kwenye faili moja, kwa mpangilio, na lipe jina linaloeleweka: la mteja na la hati, siyo "Scan0047". Safisha kioo kila asubuhi kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Tone la tipeksi ambayo haijakauka likishika kioo, linaacha alama kwenye kila cheti utakachoskani siku hiyo, na utaligundua mteja wa kumi akirudi analalamika. Kwa kuwa hakuna trei ya kujilishia, fomu ya kurasa tano inakula dakika mbili au tatu. Wateja sita wakipanga foleni, inauma. Kama kazi yako kuu itakuwa skani, ongeza hela uchukue L5290: wino uleule, ila ina trei ya juu ya karatasi 30.

Jambo moja la Wi-Fi linalowasumbua watu hadi wanarudisha printa dukani: L3250 inashika mtandao wa 2.4 GHz pekee. Simu yako ukiwa umeiwasha hotspot kwa 5 GHz, printa haitauona, na wala haitakwambia kwa nini. Ingia kwenye mipangilio ya hotspot, chagua 2.4, basi. Kama fremu ina kompyuta moja na waya wa USB unatosha, L3210 ni printa ileile bila Wi-Fi na kwa kawaida iko chini kwa bei. Tofauti hiyo itie kwenye mashine ya leminesheni. Wateja watatuma mafaili kwa WhatsApp hata hivyo, nawe utayafungua kwenye kompyuta. Waambie watume PDF. CV iliyoandikwa kwa simu ukiifungua kwenye programu nyingine inahama mistari, na atakayelaumiwa ni wewe. Flashi zao zipitishe kwenye kinga ya virusi kabla ya kufungua chochote.

Sasa kinachoua mashine hizi.

Cha kwanza ni kuzima ukutani. Printa ya wino ikimaliza kazi, hedi yake, yaani kichwa kinachorusha wino, inarudi pembeni na kukalia kifuniko cha mpira kinachoizuia kukauka. Ukizima kwa kitufe chake, inajifunika ndiyo izimike. Ukichomoa swichi, au LUKU ikiisha katikati ya ukurasa, hedi inabaki wazi njiani. Ikikaa hivyo wikiendi nzima kwenye joto la Dar, Jumatatu utapata mistari myeupe. Uzuri ni kwamba inatumia umeme mdogo, wati 12 hivi inapochapa. UPS ndogo kabisa ya kompyuta inaibeba bila shida, na inverta ya sola ya taa na tivii pia. Mwenye leza hawezi kusema hivyo. Ile inapopasha moto inavuta mamia ya wati. Umeme ukikatika mtaa mzima, wewe mwenye L3250, UPS na laptop ndiye pekee aliye wazi. Faida hii kwenye boksi hawakuiandika.

Cha pili ni kukaa bila kazi. Vyuo vikifungwa na fremu ikafungwa wiki tatu, wino unakauka kwenye nozo, vile vitundu vya hedi vya kutolea wino. Chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila siku ya tatu au ya nne. Ikishaziba, usikimbilie kusafisha mara kumi mfululizo. Kwenye kompyuta, fungua mipangilio ya printa, sehemu ya Maintenance, chapa karatasi ya kupima nozo. Vimistari vikikatika, safisha hedi mara moja, pima tena. Ukifika mara tatu bila nafuu, acha printa ipumzike angalau saa 12, kisha pima tena. Mara nyingi hewa iliyokuwa kwenye mirija imeshapanda na mistari imerudi. Usafishaji mkubwa, ule wa Power Cleaning, ni wa mwisho: unataka kila tanki liwe na wino angalau theluthi moja, na unakunywa wino hasa. Kila usafishaji unamwaga wino kwenda mahali fulani ndani ya printa, na hapo ndipo tunapofika kwenye cha tatu.

Chini kabisa ya mashine kuna sponji za kupokea wino mchafu. Printa inahesabu kila tone. Hesabu ikifika mwisho, vitaa vinawaka kwa kupokezana, kompyuta inakwambia sponji zimefika ukomo, na hakuna kitakachochapwa. Fundi wa mtaani ataiunganisha na programu yake, ataziriseti hesabu kwa dakika tano, utamlipa, utafurahi. Muulize: sponji umebadilisha? Kuriseti kunafuta hesabu tu, wino bado upo pale. Ukiriseti mara ya pili na ya tatu bila kubadilisha, siku moja utainua printa uone meza imelowa rangi nyeusi ya kijani, na makabati ya chini nayo. Sponji mpya au zilizooshwa na kukaushwa vizuri, kisha riseti. Mpangilio ndio huo.

Cha nne ni wino wenyewe. Mashine hizi zinazoingizwa kwa soko letu hutumia wino namba 103; ukikuta 003, hiyo ni ya soko la Asia. Fuata namba iliyoandikwa kwenye printa yako. Angalia kifuniko kama kina kizibo kisichoguswa na chapa isiyo na ukungu. Printa haina kifaa cha kujua kiasi cha wino kilichobaki kwenye tanki, inakadiria tu. Jicho lako ndilo kipimo. Tanki likishuka chini ya mstari wa mwisho, hewa inaingia kwenye mirija na unaweza kuiua hedi kwa siku moja ya uroho. Na ukianza na printa mpya, mimina chupa zote nne kwenye matanki yake, shikilia kitufe kama maelekezo yanavyosema, uiache ijaze mirija dakika kama 10 bila kuigusa. Sehemu ya wino wa kwanza inabaki kwenye mirija hiyo, kwa hiyo seti ya kwanza haitafikisha kurasa zilizoandikwa. Hujaibiwa.

Kuna wanaoshawishika kuitia wino wa sablimesheni wachape vikombe na fulana. Inawezekana, na kuna hela, ila ukishaitia wino huo iachie kazi hiyo moja. Usidhani utasafisha mirija uirudishe kwenye picha za pasipoti. Rangi zitatoka za ajabu miezi kadhaa. Wino huo pia unashika polyester, siyo pamba, na kikombe kinachotakiwa ni kile chenye rangi ya juu maalumu. Mteja akikuletea fulana yake ya pamba kutoka nyumbani, mkatalie mapema.

Udhaifu ambao wauzaji hawautaji: wino mweusi wa 103 ni wa maji kama wa rangi nyingine. Barua ikipigwa na tone la mvua, au kidole chenye jasho, maandishi yanatambaa. Kwa kinachopakiwa mtandaoni haijalishi. Kwa mkataba, barua ya kupeleka kwa mkono ofisini au hati ya kugongwa mihuri, mwelekeze mteja kwa jirani mwenye leza au uwe na leza ndogo iliyotumika pembeni. Anayetaka kubaki na printa moja aitazame L4260: mweusi wake ni wa chembe, haufutiki kirahisi, na inageuza karatasi yenyewe. Bei yake iko juu kidogo lakini kwa barua ni mashine nyingine kabisa.

Karatasi nayo ina mambo. Tanga, Dar, Zanzibar, rimu iliyoachwa wazi inavuta unyevu, inajikunja na kuvutwa mbilimbili. Toa unazohitaji, funga zilizobaki kwenye karatasi yake ya nailoni. Zipepete kabla ya kuweka, na usijaze trei hadi juu. 60 zinapita vizuri kuliko 100. Dodoma adui ni vumbi: funika mashine kila jioni, na trei ya nyuma isiachwe wazi, maana kipini cha stepla kikidondoka humo utaitenganisha yote kukipata.

Kuhusu mtaji, mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ina fungu la vijana la asilimia 4, na hutolewa kwa vikundi. Ni fedha isiyo na riba, ifuatilieni. Ila kikundi cha watu watano hakiishi kwa L3250 moja; hesabu ya kurasa 58 hapo juu ilikuwa ya kodi ya fremu pekee. Na aliyesoma kwa bumu, yaani mkopo wa HESLB, asijisahau: anayeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, lakini aliyejiajiri naye anadaiwa, tofauti ni kwamba yeye atapeleka mwenyewe. Weka fungu hilo kwenye hesabu tangu mwezi wa kwanza.

Kitu kingine ambacho printa haihusiki nacho lakini fremu inahusika: vyeti, namba za NIDA na nywila za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakugusa hata kama una kompyuta moja. Fungua akaunti ya mteja kwenye dirisha la faragha, mwache aandike nywila yake mwenyewe, toka kwenye akaunti mbele yake, na mwisho wa siku futa folda ya vilivyopakuliwa, hadi kwenye pipa. Steshenari yenye cheti cha mtu wa juzi kwenye eneo-kazi la kompyuta inampoteza mteja wa leo anayekiona.

Kwa anayenunua iliyotumika, usiridhike na ukurasa wa maandishi uliokwisha chapwa unaooneshwa dukani. Omba karatasi ya kupima nozo ichapwe mbele yako, kisha chapa ukurasa uliojaa rangi moja, njano hasa, maana nozo ya njano iliyoziba haionekani kwenye maandishi. Ingiza kidole chini ya mashine kwa nyuma. Kikitoka na wino, sponji zimejaa na riseti imeshapita humo. Tazama mirija kwa juu kama ina vipande vya hewa. Ukikubaliana bei, ibebe ikiwa imelala sawa, matanki yamefungwa, mapajani mwako kwenye bajaji, siyo imefungwa wima nyuma ya bodaboda.